Usafi, pointi na karo: vijana wa Mathare walivyoachiwa klabu waiendeshe

Mwaka 1987, katika bonde la Mathare jijini Nairobi, Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi na Umoja wa Mataifa katika masuala ya mazingira, aliwakuta watoto wakicheza kandanda kwa mpira wa juala, yaani mifuko ya plastiki iliyoviringwa ikafungwa kwa kamba. Akaahidi kuwasaidia katika mchezo wao kwa sharti moja: nao wasafishe mahali wanapoishi. Hivyo ndivyo ilivyoanza Mathare Youth Sports Association, ambayo mtaani inajulikana kwa jina la MYSA tu. Sharti lile likawa kauli ya klabu: ukifanya kitu, MYSA nayo itafanya kitu, usipofanya kitu, MYSA nayo haitafanya.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu siku hizi kila kaunti ina programu za kuwajenga vijana wa miaka 12 hadi 18 katika uongozi na kuwafungua macho kuhusu kazi, na nyingi zinafanana. Vijana hukusanywa ukumbini wikendi moja, mtu mzima anawaeleza sifa za kiongozi bora, wanakunywa soda, wanapigwa picha na cheti mkononi, kisha wanarudi nyumbani ambako hakuna anayewangoja waongoze chochote. Mathare ilishika njia nyingine kabisa, na kwa zaidi ya miaka thelathini imetupa ushahidi wa kutosha kuona ni nini kilichofanya kazi na wapi pangali pagumu.

Mathare ni bonde lililokuwa na machimbo ya mawe zamani, likajaa vibanda vya mabati na udongo kati ya Barabara ya Juja na Barabara ya Thika. Miaka ile ya 1980 taka hazikuwa zikizolewa. Zilirundikwa vichochoroni, zikaziba mitaro, na mvua iliponyesha maji machafu yaliingia nyumbani, kipindupindu na kuhara vikafuata. Mtoto aliyekanyaga kipande cha chupa akicheza peku alipata kidonda cha wiki nzima. Kwa hiyo kuanza na uzoaji wa taka kama kazi ya kwanza kulikuwa na akili nyingi. Ilikuwa shida ambayo mtoto anaijua, anaiweza, na matokeo yake yanaonekana siku hiyo hiyo. Zaidi ya yote, yanaonekana na wazazi. Mama aliyekuwa akiamini kwamba mpira ni uzembe aliamka Jumamosi akakuta mtaro wa mbele ya mlango wake umezibuliwa na wanakandanda. Tangu hapo ni vigumu kumkataza mwanawe kwenda uwanjani.

Hesabu ya pointi

Kiini cha mpango wote kimo katika msimamo wa ligi. Timu ikishinda mechi inapata pointi 3, kama kwingineko. Lakini timu ikikamilisha kazi yake ya usafi inapata pointi 6, na zote zinaingia katika jedwali moja.

Fikiria maana ya hesabu hiyo kwa nahodha wa miaka kumi na mitatu. Anaweza kuwa na mshambuliaji hatari kuliko wote Mathare, lakini timu isipotokea na sepetu na toroli, kombe halipati. Na timu dhaifu iliyofungwa Jumapili inaweza kupanda jedwalini kwa jasho la Jumamosi. Basi nahodha huyo ana kazi ya kupita kibanda hadi kibanda asubuhi na mapema kuwaamsha wenzake. Hana mshahara wa kuwapa wala mamlaka ya kuwaadhibu, na akiwafokea watahamia timu nyingine. Anajifunza kubembeleza. Anajifunza kujua nani amegombana na nani, nani ameachiwa mtoto mchanga amlee, nani haji kwa sababu anaona haya kuvaa shati lililochanika. Baada ya msimu mmoja kijana huyo ameshajua kuhusu watu mambo ambayo hakuna mhadhara ungeweza kumfundisha, na amejifunza kwa sababu alikuwa na kitu cha kupoteza.

Kanuni za uwanjani nazo zilitungwa kwa fikra hiyo hiyo. Nahodha peke yake ndiye anayeruhusiwa kuzungumza na refa. Mbali na kadi ya njano na nyekundu kuna kadi ya kijani, anayopewa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wengine katika mechi, na kadi hiyo inamwongezea pointi zake binafsi. Anayetolewa nje kwa utovu wa nidhamu hakai tu nyumbani akinung'unika. Anapewa filimbi achezeshe mechi kadhaa za watoto wadogo kabla ya kurudi timuni. Naipenda sana kanuni hii ya mwisho. Kijana aliyemtukana refa wiki iliyopita sasa amesimama katikati ya watoto ishirini na wawili wa miaka tisa, kila mmoja akilalamika kwamba ameonewa, na wazazi wanapiga kelele kando ya mstari. Hahitaji mtu wa kumweleza kwa nini refa anastahili heshima. Na klabu nayo imepata refa wa bure kwa mechi ambazo zisingechezwa bila yeye. Adhabu imegeuka kuwa mafunzo, na mafunzo yamegeuka kuwa huduma.

Karo inayotolewa jasho

Pointi za timu zina ndugu zao: pointi za mtu mmoja mmoja. Kijana anayefundisha timu ya wadogo, anayechezesha mechi, anayeongoza usafi, anayewaelimisha rika lake kuhusu virusi vya ukimwi (kazi ambayo MYSA iliianza mwaka 1994, wakati familia nyingi mtaani hazikuthubutu kuutaja ugonjwa huo kwa jina) anaandikiwa pointi zake kila mwezi. Akivunja nidhamu anapunguziwa. Mwisho wa mwaka waliotangulia wanapata tuzo ya uongozi, nayo ni karo ya shule. Fedha zinalipwa moja kwa moja kwa shule anayosoma.

Kuna hekima mbili hapa. Ya kwanza ni kwamba fedha hazipiti nyumbani, mahali ambapo kodi ya nyumba na deni la dukani vingezimeza kabla ya Jumatatu, na ambapo mtoto angelazimika kuchagua kati ya daftari na njaa ya mdogo wake. Ya pili ni heshima. Tunajua jinsi basari nyingi zinavyopatikana: mzazi anapanga foleni kwa chifu au kwa ofisi ya mbunge, anaandikiwa barua ya umaskini, anasubiri kwa unyonge. Kijana wa Mathare anaingia ofisi ya mwalimu mkuu akiwa na karo aliyoifanyia kazi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, mzigo ulihamia shule ya upili, na hapo ndipo tuzo hizi zimeendelea kuwa na uzito, kwa sababu hapo ndipo watoto wengi wa mitaa ya mabanda huachia njiani.

Lakini hapa pana tatizo ambalo sipendi lifunikwe na sifa. Pointi hupatikana kwa saa za kujitolea, na saa si mali waliyogawiwa vijana wote sawasawa. Kijana anayeuza karanga Juja Road hadi saa tatu usiku ili nyumbani kupikwe hana jioni za kufundisha watoto mpira. Huyu ndiye mwenye shida kubwa zaidi ya karo, na ndiye mwenye pointi chache zaidi. Mfumo unaomzawadia anayejitoa unaweza, bila mtu yeyote kukusudia, kumwacha nje yule asiye na cha kujitoa nacho. Klabu yoyote inayoiga mpango huu inapaswa kutenga sehemu ya tuzo kwa kundi hilo, au kuhesabu kazi ya kulea familia kama huduma. Naegemea hili la pili. Mtoto wa miaka kumi na minne anayewapeleka wadogo zake watatu shuleni kila asubuhi anaongoza tayari.

Nani anaamua?

Muundo wa MYSA unaanzia chini. Eneo limegawanywa katika kanda, kila kanda ina ligi zake na kamati iliyochaguliwa na vijana wenyewe, na kutoka huko wanachaguliwa wajumbe wa mabaraza ya juu ya michezo na huduma za jamii. Viongozi wengi wa kuchaguliwa ni wa umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita. Wanapanga ratiba, wanasikiliza rufaa, wanaamua timu iliyochezesha mtu aliyezidi umri inyang'anywe pointi ngapi.

Hiyo kesi ya umri ndiyo mtihani halisi. Katika mtaa ambako vyeti vya kuzaliwa ni haba, kila ligi ya vijana ina mchezaji "wa miaka kumi na minne" mwenye ndevu. Kamati ya vijana inajua ukweli kuliko mtu mzima yeyote, kwa kuwa wamesoma naye au wamekua naye ploti moja. Na inajua pia kwamba ikimtoa, watakutana naye kichochoroni jioni. Wakiamua kwa haki katika mazingira hayo wamejifunza maana ya kutawala. Mtu mzima akiwaamulia ili kuwaepusha na ugomvi, amewanyima somo lenyewe.

Wasichana waliingia mwaka 1992, na kuingia kwao kulidai mabadiliko. Msichana wa Mathare alikuwa na mtoto wa kubeba, maji ya kuteka na chakula cha jioni kabla hajafikiria mazoezi. Baadhi ya wazazi waliona mpira ni uhuni kwa binti. Kilichowashawishi ni kile kile kilichowashawishi kuhusu wavulana: kuona kazi. Binti aliyeanza kurudi na karo alipata ruhusa ambayo maneno hayakuweza kuipata. Na uwanjani palitokea jambo jingine, msichana mwenye filimbi akichezesha mechi ya wavulana. Mvulana anayetii uamuzi wa msichana wa rika lake mbele ya mtaa mzima hajahudhuria semina yoyote ya jinsia, lakini kuna kitu kimebadilika kichwani mwake.

Jumuiya ya kimataifa iliona. Klabu ilipata tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 1992, ikapendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2003 na 2004, na mwaka huo wa 2004 ikapata tuzo ya Laureus ya michezo kwa manufaa ya jamii. Timu zake zimekuwa zikienda Norway kwa mashindano ya vijana ya Norway Cup tangu mwaka 1990. Ninachokithamini kuliko tuzo hizo ni kambi ya Kakuma: mwaka 1999 MYSA ilianza kusaidia kuanzisha michezo ya vijana wakimbizi kule Turkana. Wenyeji wa Mathare, ambao watu walizoea kuwaona kama wapokeaji wa msaada, walikuwa sasa ndio wanaowafundisha wengine namna ya kuendesha ligi na kamati.

Kazi zinazofahamika na zisizofahamika

Siku ya kazi katika shule zetu ina sura moja. Anakuja daktari, anakuja rubani, anakuja wakili, kila mmoja anasema someni kwa bidii. Majina hayo mtoto ameyajua tangu chekechea. Asizozijua ni kazi zote zilizo katikati: fundi wa mitambo ya hospitali, mpimaji ardhi, mtunza stoo, mhariri wa picha, msaidizi wa maabara, mtaalamu wa viungo, msimamizi wa matukio, mkaguzi wa hesabu. Mtaani kwake hamna jirani anayezifanya, kwa hiyo hazimo katika ramani yake ya dunia.

Nguvu ya MYSA katika eneo hili haikutoka kwa wageni waalikwa. Ilitoka katika kazi za klabu yenyewe. Ligi kubwa ya vijana inahitaji mtu wa kupanga ratiba ya viwanja vichache kwa timu nyingi, mtu wa kuweka kumbukumbu, mtu wa kushika fedha za nauli na kuleta stakabadhi, mtu wa huduma ya kwanza, mtu wa kuandika barua kwa diwani. Kijana anayepewa jukumu mojawapo anagundua kama linampendeza. Yule aliyefurahia kulinganisha risiti na daftari la fedha amejua jambo kuhusu nafsi yake ambalo mtihani wa hisabati haukumwambia.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kamera. Mwaka 1997 vijana wa MYSA walipewa kamera za plastiki za bei rahisi wakafundishwa kupiga picha maisha yao, badala ya kungoja mgeni aje kuwapiga wao. Picha zao zilionekana mbali na Nairobi, na baadhi yao waliendelea hadi kuishi kwa kazi ya picha. Hakuna afisa wa ushauri wa kazi aliyewaambia kwamba upigaji picha ni kazi. Walishika chombo, wakajaribu, na mtu mwenye ujuzi akawa karibu kuwasahihisha.

Upande wa mpira wenyewe nao umezaa watu. Mathare United iliundwa mwaka 1994 ili vipaji vya MYSA viwe na timu ya juu, wachezaji wake wakiendelea kuwajibika kwa huduma mtaani. Ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1998 ikiwa bado haijafika ligi kuu, ikarudia mwaka 2000, kisha ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Dennis Oliech aliichezea kabla ya kwenda Qatar na baadaye Ufaransa. Francis Kimanzi na Stanley Okumbi, waliofunza timu hiyo, waliwahi pia kuwa makocha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya.

Mafanikio haya yana hatari yake. Kila jina linalong'aa linawavuta maelfu waamini kwamba njia ni moja, na njia hiyo ni nyembamba mno. Kijana wa miaka kumi na minne anahitaji mtu anayempenda wa kumwambia waziwazi kwamba huenda asiwe mchezaji wa kulipwa, na kwamba kuna kazi nyingi kando ya uwanja. Klabu za michezo husita kusema hivyo kwa sababu ndoto ya mpira ndiyo inayowaleta watoto. Naona ni wajibu wao kusema hata hivyo, na kusema mapema, kabla kijana hajaacha shule akingoja wakala asiyekuja.

Mwaka 2008

Ubingwa wa mwaka 2008 ulikuja miezi kadhaa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na Mathare ilikuwa miongoni mwa sehemu za Nairobi zilizoumia vibaya, majirani wakigawanyika kwa kabila, vijana wakiwa mstari wa mbele kama wahanga na mara nyingine kama washambulizi. Hakuna klabu ya vijana inayoweza kuzuia kinachopangwa na wanasiasa, na kudai kwamba mpira ungetosha ni kuwadhulumu waliopoteza jamaa. Lakini kuna tofauti kati ya mtaa ambako vijana wa makabila mbalimbali hawajawahi kufanya lolote pamoja na mtaa ambako wamesafisha mitaro pamoja kwa miaka ishirini. Ghasia zinapotulia, wa mtaa wa pili wana pa kurudia. Wana ratiba, wana kamati, wana namba za simu za wenzao.

Panapobaki pagumu

Tatizo la kwanza ni fedha. Kwa miaka mingi MYSA iliegemea wafadhili wa nje, hasa wa Norway. Mfadhili yeyote huja na mradi wake na ripoti zake, na baraza la vijana lililochaguliwa linaweza kujikuta linatekeleza tu kilichokwisha kuamuliwa kwingine. Pia tuzo za karo siku zote ni chache kuliko wanaozistahili.

La pili linanigusa zaidi. Kijana anaweza kuongoza ligi ya mamia ya wachezaji kwa miaka minne, kisha akafika kwa mwajiri na karatasi ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, yenye alama ya D, na yote aliyoyafanya yasihesabike. Pointi alizokusanya zinajulikana ndani ya klabu tu. Vyuo vya ufundi vina uwezo wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na mamlaka ya mafunzo ya viwandani inafanya mitihani ya ufundi kwa watu waliojifunza kazini. Daraja kati ya daftari la klabu na mitihani hiyo ndilo ninalotaka klabu zetu zilijenge kwanza.

Wakati wenyewe umefika. Chini ya mtaala mpya, mwanafunzi anayemaliza gredi ya 9 anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Kundi la kwanza liliingia gredi ya 10 Januari 2026. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano anaombwa uamuzi mzito, na shule nyingi za mitaa ya mabanda hazina mwalimu mwenye nafasi ya kukaa naye chini. Klabu iliyomwona akishika fedha, akituliza ugomvi au akifunga jeraha ina habari zake ambazo shule haina.

Kwa klabu inayotaka kuanza Kisauni kule Mombasa, Obunga kule Kisumu au Kangemi hapa Nairobi bila mfadhili, ningeshauri ianze na kazi moja ya mtaa inayoonekana na wazazi, na ligi ndogo ya mchezo wowote. Kamati ichaguliwe kila mwaka, na mweka hazina kijana atie sahihi pamoja na mtu mzima mmoja. Kila mwanachama awe na ukurasa wake: tarehe, jukumu, alichofanya, aliyeshuhudia. Pointi zibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi ili anayeona amepunjwa akate rufaa mbele ya kamati. Mwanachama akifika gredi ya 9, akae na mzazi wake na kiongozi mmoja wa klabu, waufungue ukurasa huo pamoja kabla ya fomu ya mkondo kujazwa. Fomu hujazwa haraka, mara nyingi mtoto akifuata rafiki yake. Kikao hicho kipangwe mapema, muhula wa kwanza, wakati mzazi bado ana nafasi ya kuuliza ni shule zipi za karibu zinazofundisha mkondo ambao mwanawe ameuelekea.